Charles Dickens: Aliwasimulia watu wote umaskini, wanawe hakuwaambia

Charles Dickens ni mwandishi Mwingereza wa karne ya 19. Alifariki mwaka 1870, lakini vitabu vyake bado vinasomwa shuleni na majumbani, na vingine vimetengenezwa filamu mara nyingi. Karibu vyote vinazungumzia watu wenye shida: yatima, wadeni, vibarua, watoto wanaofanya kazi badala ya kusoma.

Katika zama zake familia nyingi za Uingereza zilikaa jioni na kusomeana habari hizo kwa sauti, kisha zikazijadili. Lakini watoto wa Dickens mwenyewe hawakujua kwamba baba yao aliyaishi mengi ya hayo. Walikuja kuyafahamu kwenye kitabu cha mtu mwingine, baba akiwa tayari kaburini.

Makala hii inaeleza maisha yake, na jinsi siri hiyo ilivyokaa ndani ya nyumba kwa zaidi ya miaka 40.

Nyumba yenye vitabu na madeni

Charles Dickens alizaliwa tarehe 7 Februari 1812 huko Portsmouth, mji wa bandari kusini mwa Uingereza. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanane. Baba yake, John Dickens, alikuwa karani katika ofisi ya malipo ya jeshi la majini. Ilikuwa kazi ya mshahara, ya kuvaa vizuri na kuheshimiwa mtaani.

Familia ilihamia Chatham, mji mwingine wa majini, Charles akiwa na umri wa miaka mitano. Huko alijua kusoma, na akagundua vitabu vya baba yake. Miongoni mwake kulikuwa na Alfu Lela Ulela, hadithi ambazo hata sisi wa Afrika Mashariki tunazifahamu kwa Kiswahili. Mtoto huyu alizisoma tena na tena.

Tatizo la nyumba hiyo lilikuwa moja. John Dickens alikuwa mtu mcheshi, mkarimu na mpenda wageni, lakini alitumia kuliko alichopata. Alikopa kwa huyu kumlipa yule. Mwaka 1822 walipohamia London, madeni yalikuwa yameshamfika shingoni. Vitu vya ndani vikaanza kuuzwa kimoja kimoja. Aliyetumwa kuvipeleka kwa wanunuzi alikuwa Charles, na miongoni mwa vitu vya kwanza kuondoka vilikuwa vile vitabu.

Shule nayo ikasimama. Dada yake mkubwa, Fanny, alikuwa amepata nafasi katika chuo cha muziki. Charles alibaki nyumbani akisafisha viatu vya baba na kutumwa dukani.

Mtoto wa miaka 12 kiwandani

Mwezi Februari 1824, siku chache baada ya kutimiza miaka 12, Charles alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha Warren. Kilikuwa jengo bovu lenye panya kando ya mto Thames, kikitengeneza rangi ya viatu, ile ambayo wengi wetu huiita kiwi. Kazi yake ilikuwa kufunika vikopo vya rangi kwa karatasi, kuvifunga kwa kamba na kubandika lebo. Alifanya hivyo kutwa nzima kwa mshahara wa shilingi 6 kwa wiki.

Wiki hizo hizo baba yake alikamatwa. Alidaiwa na mwokaji mikate pauni 40 na shilingi 10. Sheria ya Uingereza wakati ule ilimruhusu mdai kumfunga mdeni wake, na mdeni alikaa ndani hadi alipe au apate nafuu ya kisheria. John Dickens alipelekwa gereza la Marshalsea, kusini mwa mto.

Tupige hesabu kidogo. Pauni moja ya wakati ule ilikuwa shilingi 20. Kwa hiyo deni lilikuwa shilingi 810. Kwa mshahara wa Charles, bila kula wala kulala popote, angehitaji wiki 135 kulimaliza. Hiyo ni zaidi ya miaka miwili na nusu.

Baada ya muda mama yake na wadogo zake walihamia humo humo gerezani. Jambo hilo liliruhusiwa: familia ya mdeni iliweza kuishi naye, kutoka mchana na kurudi kabla ya lango kufungwa usiku. John aliendelea kupata mshahara wake wa ofisini, kwa hiyo ndani ya gereza hawakulala njaa.

Aliyebaki nje ni Charles. Alipangishiwa chumba kwa mwanamke aliyelea watoto wa watu, mbali na wazazi. Mshahara wake aliugawa katika vifurushi vidogo, kila kimoja akakiandika jina la siku, ili pesa zifike Jumamosi. Siku nyingine alishindwa kujizuia mbele ya duka la keki, akala za chakula cha mchana. Baadaye alihamishiwa chumba karibu na gereza, akawa anakwenda kula na wazazi wake asubuhi na jioni.

Aibu iliyomfunga mdomo

Kiwandani kulikuwa na kijana mmoja yatima, mkubwa kwake, aliyeitwa Bob Fagin. Siku moja Charles alishikwa na maumivu makali ya ubavu. Bob alijaza chupa maji ya moto na kumkanda nazo kwa nusu ya siku. Jioni akasisitiza kumsindikiza nyumbani.

Hapo ndipo Charles alipopata shida. Nyumbani kwao kulikuwa gerezani, na hakutaka Bob ajue. Alijaribu kuagana naye njiani mara kadhaa, Bob akakataa kumwacha mgonjwa peke yake. Mwishowe Charles alisimama kwenye mlango wa nyumba ya watu asiowajua, akajifanya ndiyo kwao, akaaga. Ili Bob asishuke akageuka kuangalia, akabisha hodi. Mwenye nyumba alipofungua, Charles akauliza kama hapo ndipo kwa Bob Fagin.

Zaidi ya miaka kumi baadaye jina la Fagin lilionekana katika kitabu chake, akilibeba mzee anayefundisha watoto wizi. Kijana aliyemtendea wema alipewa malipo ya ajabu. Wengi walioandika juu ya maisha ya Dickens wanaona hapo alama ya woga wake: Bob alimkumbusha mahali ambapo angeweza kubaki maisha yote.

Mwezi Aprili 1824 bibi yake, mama mzazi wa John, alifariki na kumwachia mwanawe urithi wa pauni 450. Mwishoni mwa Mei John aliachiwa kwa kufuata sheria ya wadeni walioshindwa kulipa. Lakini Charles hakutolewa kiwandani mara moja. Aliendelea kufunga vikopo, sasa karibu na dirisha, ambapo wapita njia walisimama kumtazama.

Alitoka pale baba yake alipogombana na ndugu aliyehusika na kiwanda. Mama yake alikwenda kusuluhisha, akarudi na habari kwamba mtoto anaweza kurudi kazini. Baba akakataa, akasema aende shule. Charles hakusahau kamwe kwamba mama alitaka arudi. Pengine mama alifikiria zile shilingi 6 katika nyumba yenye watoto wengi. Mtoto yeye aliona ametupwa.

Tangu siku hiyo wazazi wake hawakulitaja jambo hilo tena, wala yeye hakuwauliza. Hakuna mtu nyumbani aliyesema lolote.

Kutoka karani hadi mwandishi

Alisoma hadi mwaka 1827, akiwa na miaka 15, pesa zikaisha tena. Akawa karani kwa mawakili. Alijifunza hati mkato mwenyewe, akawa mwandishi wa habari za mahakamani kisha za bungeni. Alisifika kwa kasi na usahihi.

Mwaka 1836 alimwoa Catherine Hogarth, na mwaka huo huo akaanza kuandika hadithi ya Pickwick. Ilitoka kwa sehemu, toleo moja kila mwezi, kwa bei ya shilingi moja. Mwanzo iliuzwa kidogo. Ilipofika mwisho, mwaka 1837, ilikuwa ikichapwa nakala kama 40,000 kila mwezi.

Mtindo huo wa kuuza hadithi kwa sehemu ulibadilisha mengi. Kitabu kizima kilikuwa ghali sana kwa mtu wa kawaida, lakini shilingi moja kwa mwezi ingeweza kuchangwa. Na wasiojua kusoma hawakuachwa. Kuna habari ya mwanamke mzee, mfanyakazi wa usafi, aliyeishi katika nyumba yenye duka la ugoro. Kila mwezi wapangaji walichanga, wakakaa pamoja, na mwenye nyumba akawasomea toleo jipya la Dickens kwa sauti. Mama huyo hakujua kusoma, lakini hadithi aliifuata yote kwa masikio. Msikilizaji wa redio ataelewa haraka raha hiyo.

Vitabu vilivyozungumzwa mezani

Kabla hata Pickwick haijaisha alianza Oliver Twist. Sheria ya mwaka 1834 ilisema maskini anayetaka msaada aende kuishi katika makazi maalumu, ambamo mume alitenganishwa na mke, na wazazi na watoto wao. Chakula kilikuwa kidogo kwa makusudi, ili watu waogope kwenda. Dickens alimweka humo mtoto yatima anayeomba aongezewe uji. Wasomaji walioiona sheria hiyo kuwa jambo la hesabu tu walijikuta wanamfikiria mtoto mmoja mwenye njaa.

Mwaka 1843 serikali ilichapisha ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi viwandani. Dickens alipoisoma alikusudia kuandika kijitabu cha kulalamika. Mwezi Septemba alitembelea shule ya watoto fukara sana London, na hali aliyoiona ilimsumbua. Mwishowe akaona hadithi itafika mbali kuliko malalamiko. Akaandika kwa wiki chache kisa cha Krismasi cha tajiri bahili na karani wake mwenye mtoto mlemavu. Kilitoka tarehe 19 Desemba, na nakala 6,000 zikaisha kabla ya siku ya Krismasi.

Bei yake ilikuwa shilingi 5. Karani wa hadithini analipwa shilingi 15 kwa wiki, kwa hiyo mtu kama yeye angetoa theluthi moja ya mshahara kununua kitabu kinachomhusu. Dickens alilijua hilo. Alipokisoma mwenyewe mbele ya watu huko Birmingham mwaka 1853, kwa kuchangia taasisi ya elimu ya mji huo, aliomba usiku mmoja uwe wa wafanyakazi kwa kiingilio kidogo. Walijaa ukumbini.

Hakuishia kwenye kalamu. Pamoja na tajiri mmoja mwenye huruma, Angela Burdett-Coutts, alianzisha mwaka 1847 nyumba ya kuwasaidia wanawake na wasichana waliotoka jela au mitaani. Mwaka 1858 alihutubia kuchangia hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, na zaidi ya pauni 3,000 zikapatikana.

Baba aliyesoma, baba aliyenyamaza

Dickens na Catherine walipata watoto kumi, mmoja akafa akiwa mchanga. Kwao alikuwa baba wa michezo. Aliwaandalia maigizo nyumbani, akacheza nao mazingaombwe. Aliwaandikia kwa mkono wake maisha ya Yesu kwa lugha rahisi, akawa anawasomea, na akataka kisichapwe. Familia iliheshimu neno hilo hadi mwaka 1934.

Kwa hiyo watoto hawa walikua na hadithi masikioni. Walijua Oliver ni nani. Walijua habari za gereza la wadeni. Wasichojua ni kwamba babu yao alifungwa humo, na kwamba mtoto wa kiwandani alikuwa baba aliyekaa nao mezani.

Mtu aliyeambiwa alikuwa rafiki, John Forster. Mwaka 1847 Forster alimuuliza kuhusu jambo alilosikia: mzee mmoja alikumbuka kumwona Charles mdogo akifanya kazi karibu na mtaa wa Strand. Dickens alinyamaza kwa muda mrefu. Baadaye akamweleza yote, kisha akamwandikia kwa kirefu. Sehemu ya maandishi hayo aliitia karibu kama ilivyo katika riwaya ya David Copperfield ya miaka ya 1849 na 1850, akibadilisha majina na kazi. Maelfu ya familia wakaisoma wakidhani ni ubunifu mtupu.

Mtoto wake mkubwa alikuja kueleza kwamba mama yao, Catherine, aliwahi kusomewa habari hiyo, akashauri isichapwe kwa sababu iliwasema vikali wazazi wa Dickens. Ikiwa ndivyo, basi mke naye aliificha. Walipotengana mwaka 1858, bado watoto walikuwa hawajui.

Baba yake, John, hakuacha kukopa. Mwana alipokuwa maarufu, mzee alitumia jina lake kupata pesa, hadi Charles akatangaza magazetini kwamba hatalipa madeni ya watu wengine. Hata hivyo alimtunza hadi kifo chake mwaka 1851. Mwaka 1857, akimalizia riwaya ya Little Dorrit inayohusu Marshalsea, alikwenda peke yake kuangalia kilichobaki cha gereza hilo. Lilikuwa limeshafungwa tangu 1842.

Madeni hayakuishia kwa babu. Walter, mtoto aliyepelekwa India kama askari, alikufa huko mwishoni mwa 1863 akiwa na madeni. Sydney, aliyekuwa baharia, alikopa mpaka baba yake akamkataza kufika nyumbani. Dickens alikasirika sana na watoto hawa, akawaona hawana bidii. Hakuna anayeweza kusema kwamba wangeacha kukopa kama wangesimuliwa habari za Marshalsea. Lakini ni kweli kwamba baba aliyekuwa na funzo kali kuliko wote juu ya deni hakuwapa.

Krismasi ya mwisho

Krismasi ya 1869 familia ilikaa Gad's Hill, nyumba kubwa mkoani Kent ambayo Dickens aliitamani tangu utotoni na akainunua kwa pesa za vitabu. Walicheza mchezo wa kumbukumbu. Kila mtu hurudia maneno yote yaliyotajwa, kisha huongeza lake. Zamu ya Dickens ilipofika, aliongeza jina la kiwanda cha rangi ya viatu cha Warren pamoja na anwani yake.

Mwanawe Henry, kijana wa miaka 20, aliona macho ya baba yaking'aa kwa namna ya pekee na sauti yake ikibadilika. Hakuelewa kwa nini. Mchezo ukaendelea.

Tarehe 9 Juni 1870 Dickens alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 58, akiacha riwaya katikati. Alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Mwishoni mwa mwaka 1871 Forster alitoa sehemu ya kwanza ya kitabu cha maisha yake, na ndani yake yale maandishi ya siri. Hapo ndipo Henry alipoelewa ile Krismasi. Henry aliendelea kuwa mwanasheria mkubwa, na akaisimulia kumbukumbu hiyo akiwa mzee.

Tunajifunza nini

Wazazi wengi huficha shida walizopitia. Wengine hawataki watoto wawadharau, wengine hawataki kuwasema vibaya babu na bibi, wengine wanaumia tu wakikumbuka. Dickens alikuwa na sababu hizo zote tatu. Hakuwa mwoga wa kusema ukweli kwa taifa zima. Ilimshinda kuusema kwa watu tisa aliowazaa.

Vitabu vilimsaidia kusema bila kusema. Na hapo kuna njia ambayo familia yoyote inaweza kuitumia. Hadithi ya shida, iwe ya kitabuni au ya kwenye redio, ikishasikilizwa pamoja, ni rahisi mtoto kuuliza na mzazi kujibu. Swali la kwanza huwa juu ya mtu wa kwenye hadithi: kwa nini alinyamaza, nani alimsaidia, deni lilianzaje. La pili linaweza kuwa juu ya nyumba yenyewe. Huenda mzazi akajibu nusu tu siku hiyo, na si vibaya. Mtoto atakuwa amejua kwamba swali linaruhusiwa.

Gereza la Marshalsea limebaki ukuta mmoja wa matofali katika kitongoji cha Southwark, London. Watu hupita hapo kila siku kwenda kazini. Kifungo kwa ajili ya deni kiliondolewa kwa sehemu kubwa na sheria ya mwaka 1869, mwaka ule ule wa ile Krismasi ya mwisho.